Wasichana wa Sarakasi na Neno "Familia"



Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamivu mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, njia yangu ya mkato kwenda maktaba ilipita makaburini. Ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Leeds kuna bustani iitwayo St George's Field, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa mahali pa kuzikia watu wa mji huo. Mawe mengi ya makaburi yaliondolewa katika miaka ya 1960, machache yakabaki. Jua linapotoka, wanafunzi huketi pale kwenye nyasi wakila na kusoma. Mimi, niliyelelewa kuyaogopa makaburi, nilipita pale kwa miezi kadhaa kwa mwendo wa haraka bila kusoma jiwe hata moja.

Siku niliyosimama nikasoma, nilikutana na jina la Susannah Darby na la mumewe, William Darby, aliyejulikana zaidi kwa jina lake la jukwaani, Pablo Fanque. Nilipofuatilia nikagundua kwamba Fanque alikuwa mtu mweusi mzaliwa wa Norwich, na kwamba anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kumiliki sarakasi nchini Uingereza. Alianza kazi utotoni, akiwa mwanagenzi wa bwana mwenye sarakasi aliyeitwa William Batty. Mkewe alifariki mjini Leeds tarehe 18 Machi 1848, pale sehemu ya watazamaji ilipoporomoka katika jengo la mbao ambamo sarakasi ya mumewe ilikuwa ikionyeshwa.

Nakiri kwamba nilianza kusoma habari hizi kwa sababu ya rangi ya Fanque. Mwafrika aliye ugenini hufurahi kukuta kwamba mwenzake alitangulia kupita. Lakini kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyojikuta nikimwacha Fanque na kuwafuata wasichana. Walikuwa kila mahali katika habari za sarakasi za enzi ya Malkia Victoria: juu ya farasi, juu ya kamba, ndani ya vizimba vya simba. Mara nyingi matangazo yaliwaita mabinti wa familia fulani, na mara nyingi hawakuwa mabinti wa familia hiyo.

Sarakasi ya Kiingereza ilianza na farasi. Mwaka 1768 Philip Astley, askari mstaafu wa kikosi cha farasi, alianza kuonyesha ustadi wake wa kupanda farasi jijini London. Yeye ndiye aliyezoesha dunia uwanja wa duara wenye kipenyo cha karibu mita 13, ambao hadi leo ndio kipimo cha uwanja wa sarakasi. Mkewe, Patty, alionyesha pamoja naye. Kwa hiyo tangu mwanzo sarakasi ilikuwa shughuli ya nyumbani: baba ndiye tajiri, mama ndiye mshirika, watoto ndio wafanyakazi.

Hadi kufika katikati ya karne ya 19, utaratibu huo ulikuwa umekomaa. Binti aliyezaliwa katika msafara wa sarakasi alipandishwa juu ya farasi angali mdogo sana. Viungo vyake vilinyooshwa na kukunjwa kabla mifupa haijakaza. Sisi tuna methali isemayo samaki mkunje angali mbichi, nasi huitumia tukizungumzia tabia njema. Wenye sarakasi waliitekeleza methali hiyo kwenye migongo ya watoto. Mbali na mazoezi kulikuwa na mavazi ya kushona, farasi wa kulisha na tiketi za kuuza, kisha hema au jukwaa likavunjwa na safari ya mji mwingine ikaanza.

Watoto wa kuzaa hawakutosha. Wenye sarakasi walichukua watoto wa wengine kwa mikataba ya uanagenzi. Mzazi maskini alimkabidhi mwanawe kwa miaka kadhaa. Bwana akaahidi chakula, mavazi na ufundi. Na mara nyingi mtoto akapewa jina la ukoo wa bwana. Watazamaji walioona ndugu watano wakisimama mabegani mwa wenzao hawakujua kwamba pengine wawili tu walizaliwa na mama mmoja. Neno "familia" lilikuwa zuri kwa biashara. Liliwaambia watazamaji kwamba mtoto yule aliye juu ya kamba yuko chini ya jicho la baba yake, na kwa hiyo hakuna haja ya mtu mwingine kumtazama kwa wasiwasi.

Mwaka 1850, mjini Chatham, msichana wa miaka 17 aitwaye Ellen Bright aliingia kwenye kizimba kama ilivyokuwa kazi yake. Matangazo yalimwita Malkia wa Simba. Maonyesho hayo ya wanyama yalikuwa ya George Wombwell, mjomba wake. Siku hiyo chui milia alimrukia na kumuua mbele ya watazamaji.

Mwaka 1863, katika bustani ya Aston mjini Birmingham, mwanamke aitwaye Selina Powell alipanda kwenye kamba akitumia jina la Madame Geneive. Kamba ilikuwa imeoza, ikakatika, naye akafa papo hapo. Alikuwa mjamzito. Malkia Victoria mwenyewe, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameifungua bustani ile, alimwandikia meya wa Birmingham kupitia katibu wake kueleza masikitiko na uchukizo wake.

Mwaka 1877, katika ukumbi wa Royal Aquarium jijini London, Rossa Matilda Richter, binti ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, aliingia kwenye mdomo wa mzinga akarushwa hewani hadi kwenye wavu. Jina lake la jukwaani lilikuwa Zazel. Wazazi wake walikuwa watu wa maonyesho, na aliyemfunza na kumsimamia alikuwa William Leonard Hunt, Mkanada aliyejiita Farini. Mzinga ule ulitumia springi. Baruti ilikuwa ya kutoa mlio na moshi tu. Zazel aliwavuta watu kwa maelfu. Mwaka 1891, akiwa ziarani Marekani, alianguka kutoka kwenye kamba akavunjika mgongo, na maisha yake ya jukwaani yakaishia hapo.

Farini huyo huyo, mwanzoni mwa miaka ya 1870, alikuwa ameonyesha msanii wa bembea aitwaye Lulu, msichana mrembo aliyepigiwa makofi na mabwana wa London. Baadaye ikajulikana kwamba Lulu alikuwa mvulana, mtoto aliyelelewa na Farini mwenyewe, akivishwa mavazi ya kike. Tukio hili linaeleza soko la enzi ile kuliko hotuba yoyote. Hatari ya mvulana ilikuwa na bei yake, lakini hatari ya msichana ilikuwa na bei kubwa zaidi, kiasi kwamba ilifaa kumgeuza mvulana kuwa msichana ili auzike.

Wanafunzi wangu husikia haya na kuuliza swali la haki: sheria ilikuwa wapi?

Sheria ilikuwepo, lakini ilikuwa ikitazama kwingine. Mwaka 1842 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku wanawake na wasichana wote, pamoja na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Sheria za viwanda nazo zilikuwa tayari zikipunguza saa za kazi za watoto. Lakini sheria ya kuwalinda watoto katika maonyesho ya hatari ilisubiri hadi mwaka 1879, miaka 37 baada ya ile ya migodi. Ilikataza kumtumia mtoto wa chini ya miaka 14 katika onyesho la hadhara linalohatarisha maisha au viungo vyake, na faini yake haikuzidi pauni 10. Mwaka 1897 umri uliongezwa: miaka 16 kwa wavulana na 18 kwa wasichana.

Ukiisoma sheria ya 1879 kwa makini utaona kwamba inazungumzia maonyesho ya hadhara. Mazoezi ya alfajiri, ambako mtoto alianguka mara 20 kabla ya kufanikiwa mara moja, yalibaki nje ya maandishi. Na hata sheria ilipoyafikia mazoezi, iliacha mlango. Sheria ya mwaka 1904, miaka mitatu baada ya Malkia Victoria kufariki, ilikataza kumweka mtoto wa chini ya miaka 16 mahali popote kwa ajili ya kumfundisha sarakasi, isipokuwa pale ambapo anayemfundisha ni mzazi au mlezi wake wa kisheria. Huo ndio mlango ambao familia ilipitia. Watunga sheria waliweza kuuona mgodi kuwa ni kazi na mwenye mgodi kuwa ni mwajiri. Kwenye sarakasi waliona mchezo mahali pa kazi, na mahali pa mwajiri wakamwona baba.

Nimekuwa nikifundisha habari hizi kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu nilizimalizia hapo, nikijiona nimesema jambo la busara. Kisha katika semina moja binti mmoja wa mwaka wa tatu akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, mbona unawahurumia tu? Kama si sarakasi, hao wasichana wangekuwa wapi? Si wangekuwa mahausigeli?"

Darasa likacheka. Mimi nikaona ana hoja. Kazi iliyoajiri wanawake na wasichana wengi kuliko nyingine yoyote katika Uingereza ya wakati ule ilikuwa utumishi wa ndani: kuamka kabla ya mwenye nyumba, kubeba maji na makaa, kulala baada ya wote. Msichana wa sarakasi alikuwa na ustadi ambao uliandikwa mwilini mwake na hakuna bwana aliyeweza kuuchukua. Alisafiri. Aliitwa kwa jina, hata kama ni la kubuni. Na wapo waliofika mbali. Ellen Chapman, aliyeingia kwenye vizimba vya simba akiwa kijana, aliolewa na George Sanger, na pamoja wakajenga mojawapo ya sarakasi kubwa kabisa nchini humo. Tukiwaita wasichana hawa waathirika tu, tunawanyang'anya ujuzi wao mara ya pili.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwa kumtaja msichana mwingine wa sarakasi, wa kubuniwa, katika riwaya ya Charles Dickens ya mwaka 1854 iitwayo Hard Times. Anaitwa Sissy Jupe. Amekulia katikati ya farasi, lakini mwenye shule anayemwita kwa namba badala ya jina anapomtaka aeleze farasi ni nini, anakwama. Mvulana ambaye hakukua na farasi anaeleza meno na kwato kwa ufasaha, naye anasifiwa. Nikasema darasani kwamba ujuzi wa wasichana hawa haukuwa na cheti, ndiyo maana haukuhesabiwa kuwa ujuzi, wala kazi yao haikuhesabiwa kuwa kazi.

Jibu hilo liliwaridhisha wanafunzi. Halikuniridhisha mimi, kwa sababu neno lile "mahausigeli" lilikuwa limeniangukia vibaya.

Nilikulia Morogoro. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipokuwa na miaka 10 aliletwa nyumbani kwetu msichana kutoka kijijini kwao mama, aliyenizidi miaka miwili au mitatu. Tuliambiwa ni ndugu. Hatukuelezwa undugu wenyewe ulipitia wapi, wala hatukuuliza. Tulimwita Dada. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa. Alitufulia sare za shule ambayo yeye hakwenda, katika nyumba ya mwalimu. Sokoni alikokotoa chenji kichwani upesi kuliko mimi niliyekuwa nikipata alama nzuri za hesabu. Wakati wa sikukuu alishonewa gauni kama dada zangu, kutoka kitambaa kile kile, na mama alijivunia jambo hilo mbele ya majirani. "Sisi hatubagui," alisema. "Huyu ni mtoto wa hapa." Mwisho wa mwaka zilitumwa fedha kidogo kwa wazazi wake. Aliishi nasi miaka tisa, kisha akaolewa.

Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Alimuuguza Dada kwa mikono yake alipopatwa na homa ya matumbo. Nadhani alimpenda. Nadhani hata baadhi ya wenye sarakasi waliwapenda wale wanagenzi waliowapa majina yao. Upendo huo haukuwazuia kuwapandisha kwenye kamba jioni iliyofuata.

Mama alifariki mwaka juzi. Mimi, kwa kuwa ndiye msomi wa familia, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Niliuandika kwa Kiswahili nilichojivunia. Nilisoma mbele ya waombolezaji kwamba marehemu ameacha watoto watano na wajukuu kumi na wawili. Niliwashukuru wauguzi, majirani, wanakwaya, na waliochangia usafiri. Nilipoinua macho nilimwona Dada amesimama nyuma, karibu na majiko. Alikuwa amefika tangu usiku wa kwanza wa msiba na alikuwa akipika kwa siku tatu. Hakuwa miongoni mwa watoto niliowataja. Hakuwa pia miongoni mwa watu niliowashukuru kwa kazi waliyomfanyia marehemu. Katika kurasa mbili za wasifu nilioandika kwa uangalifu hapakuwa na mahali pake, kwa sababu kwa miaka tisa tulikuwa tumemwita mtoto ili asiitwe mfanyakazi, na siku ya kuhesabu watoto hatukumhesabu.

Hapo ndipo nilipowaelewa wale wabunge wa Uingereza. Sikuwa na sababu tena ya kuwashangaa.

Ndugu zangu mnaofanya kazi serikalini mnajua kwamba sheria tunazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, umri ule ule uliotajwa London mwaka 1879. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tangu mwaka 2011 upo mkataba wa kimataifa, namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Lakini ofisa anapobisha hodi na kuambiwa "huyu ni binti wa kaka yangu, tunamsaidia tu," hufanya nini? Aghalabu huaga na kuondoka, kama ambavyo sheria ya 1904 iliaga na kuondoka ilipofika kwa mzazi na mlezi. Nanyi wanaharakati mjue kwamba mabango hayatoshi, kwa sababu nyumba nyingi ambamo mambo haya hutendeka ni nyumba za watu wema, zikiwemo za wanaobeba mabango na za wahadhiri wanaowaandikia.

Baada ya msiba nilirudi nyumbani kwangu nikiwa nimeamua. Nasi tuna dada wa kazi, mwanamke mtu mzima wa miaka 23. Mke wangu nami tuliandika mkataba: saa za kazi, mshahara, siku ya mapumziko, likizo, michango ya hifadhi ya jamii. Nilimwita sebuleni nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha macho yakamlenga machozi. "Baba Neema," aliuliza, "kwani nimekosa nini?"

Sikutegemea swali hilo, na sijalipatia jibu kamili. Kwake karatasi ile ilikuwa kama barua ya kumtoa katika familia. Tulipoliita jambo lake kazi, alisikia kwamba yeye si wetu tena. Nilifikiri ni lazima uchague: ama undugu ama haki. Mke wangu, ambaye ana hekima kunizidi, alimwambia kwamba hata yeye ana mkataba kazini kwake na bado ni mke wangu. Alicheka, akatia sahihi. Sasa ni mwezi wa nane. Bado tunakula meza moja, naye Jumapili huondoka asubuhi na hatumuulizi anakwenda wapi.

Kwa Dada nilichelewa zaidi. Ilinichukua miezi kumpigia simu. Nilimwomba radhi kwa ule wasifu. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza hali za watoto, tukazungumza habari za mvua. Nilipokaribia kuaga ndipo aliporudi kwenye jambo lenyewe.

"Wala sikutaka uniandike mtoto," alisema. "Ungeandika tu kwamba nilifanya kazi pale. Ingetosha."